Kipindi cha Saba

Jumatatu, 9 Juni. Dodoma
Vidonge vya presha, chai ya rangi, viazi vitamu viwili. Bungeni saa mbili na nusu. Nimeuliza swali la nyongeza kuhusu zahanati ya kijiji kimoja upande wa Sudi. Kuta zipo, paa hakuna. Naibu Waziri kajibu kwamba fedha zinatafutwa. Jibu hilo nimeshapewa na manaibu mawaziri wanne tofauti. Nikashukuru kwa majibu mazuri. Mazoea.

Miaka sabini na moja. Vipindi sita. Kati ya tulioapa pamoja mara ya kwanza tumebaki wawili, na mwenzangu ametangaza kupumzika.

Alhamisi, 12 Juni. Dodoma
Nimesimama kuchangia bajeti, neno likanipotea. "Umwagiliaji" tu. Nilikaa kimya sijui kwa muda gani, mpaka mbunge wa nyuma yangu akaninong'oneza. Wakapiga meza. Kwa huruma, nadhani. Aibu.

Mwanahawa kapiga simu kutoka Rasbura. Alikuwa anatazama televisheni. Hakuligusia hilo. Aliuliza tu kama nimekula. Mke wangu akiuliza hivyo, ameona kila kitu.

Jumapili, 22 Juni. Rasbura
Bunge limefungwa, nipo nyumbani. Bakari, mtu wangu wa kampeni tangu kipindi cha pili, kaleta habari. Veronika anachukua fomu ya ubunge kupitia chama chetu. Veronika huyuhuyu, katibu wa ofisi yangu ya jimbo kwa miaka tisa. Hotuba zangu zote nzuri kaandika yeye. Alipoacha kazi mwaka juzi nilidhani kachoka.

Naandika ilivyo: nimeumia kuliko nilivyokasirika. Kesho nami nachukua fomu.

Jumatano, 2 Julai
Mkutano kijijini, kwenye ile zahanati isiyo na paa. Mama mmoja kasimama, mpole kabisa.

"Shikamoo Mheshimiwa. Zahanati hii ulituahidi nikiwa na mimba ya huyu."

Kamwonyesha binti aliyekaa pembeni yake. Binti mwenyewe ana mtoto mgongoni. Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Jumanne, 8 Julai
Bakari kahesabu wajumbe wa kura za maoni za chama. Tunashindwa. Anataka ienezwe kwamba Veronika si raia, kwamba baba yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mtu mzima.

Uongo. Baba yake ni Mwalimu Anselm, mzaliwa wa Newala. Alinifundisha darasa la tano. Alipofariki nililibeba jeneza lake kwa bega hili.

Nikamwambia Bakari, "Mimi sijasikia."

Akacheka. "Ndiyo hivyo, Mheshimiwa. Wewe hujasikia."

Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi, 12 Julai
Imeenea. Sokoni, vijiwe vya bodaboda, barazani baada ya swala. Veronika ametakiwa na chama kuthibitisha uraia wake. Nasikia mama yake, mjane, amepindua masanduku nyumba nzima akitafuta cheti cha kuzaliwa cha marehemu.

Mwanahawa kaniuliza imetoka kwa nani. Nikasema watu.

"Watu gani?"

Kahamishia mto wake chumba cha wageni.

Jumatano, 16 Julai
Presha juu. Bakari anasema sasa tunaongoza. Sikufurahi. Nilitegemea nitafurahi.

Jumapili, 20 Julai
Kura za maoni. Dakika tano kila mgombea kujinadi. Veronika alitangulia. Hakujitetea hata kidogo, alizungumzia zahanati na maji.

Zamu yangu. Hotuba ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Nilisema hivi:

"Mwalimu Anselm ni mtu wa Newala. Kanifundisha mimi, kawafundisha nusu yenu mliomo humu. Anayesema binti yake si mwenzetu anasema uongo. Nami nilijua ni uongo, nikanyamaza karibu wiki mbili."

Nikakaa. Dakika tatu zilikuwa zimebaki. Bakari aliinamisha kichwa hakukiinua tena.

Veronika kashinda kwa tofauti ya kura kumi na moja. Bakari anasema maneno yangu ndiyo yamenimaliza. Inawezekana. Nimetia saini matokeo.

Veronika akanifuata mlangoni. Kwa miaka yote hakuwahi kuniita ila Mheshimiwa.

"Mzee, wiki mbili zote hizo ulikuwa unasubiri nini?"

Akanipa mkono. Hakutabasamu.

Jumatano, 23 Julai
Bakari hapokei simu. Wachache wamekuja kunipa pole, kama msibani. Mwanahawa aliwapikia wote. Alipomaliza kuosha vyombo akaurudisha mto wake.

Jumatatu, 28 Julai. Lindi
Hospitali, kupima masikio. Zamani daktari alikuwa akija nyumbani. Leo nilipanga foleni kuanzia saa moja. Dada wa mapokezi hakunitambua, ni mgeni hapa mjini. Jina. Umri. Mtaa. Kazi?

Nilisita. Nikasema mkulima. Nina mikorosho arobaini kwa marehemu baba, mkulima nitakuwa.

Akaandika, akanielekeza kwenye benchi. Nikakaa na mzee wa Kimwera mwenye kikohozi. Tukazungumza juu ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na bei ya salfa ya kuupulizia mpaka akaitwa yeye. Kisha nikaitwa mimi.