Kona ya Mpera

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Hujambo? Natumaini barua hii inakukuta mzima, kazi inakwenda na baridi ya huko haijakutafuna mifupa. Ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepona, au bado unajikaza kiume? Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika nikisimama sana darasani, lakini mdomo bado unafanya kazi, kama unavyonijua.

Kaka mkubwa amepata mjukuu mwingine, wa kike. Wodi ilifurika hadi mama yake akalazwa kitanda kimoja na mwenzake, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Nilipokwenda kuwaona, muuguzi alinipa mtoto wa watu, nikambeba kwa furaha zote mpaka mama yake alipokuja kumdai. Tulicheka sana. Njiani nikirudi sikucheka tena.

Shuleni wanafunzi wangu sasa wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Wa mchana wanakuta madawati bado yana joto la wenzao. Zamani nilimjua kila mtoto kwa jina na kwa mama yake, siku hizi nanyoosha kidole tu na kusema, "Wewe." Mkuu wa shule anasema nchi inakua. Sawa, inakua, ila wapo watoto wanaomaliza mwaka bila mimi kuwauliza swali hata moja, na hilo linaniuma.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizungukazunguka. Uliandika kwamba ukistaafu utarudi kujenga kwenye kona yako ya mpera, ile Baba aliyokuachia. Mdogo wangu, kona ile haipo tena.

Unaijua desturi ya nyumba yetu: anayeoa haambiwi nafasi hakuna, anapewa ukuta. Fundi anamjengea kuta tatu, wa nne anaazima kwa jirani. Baba aliianza wakati ua ni mpana na sisi ni watatu tu, na ilikuwa desturi nzuri. Basi mtoto wa kwanza wa Kaka akaegemeza chumba chake kwenye jiko, mdogo wake akaegemea kwake, na aliyefuata akaegemea kwa huyo. Kila mmoja aliomba kwa adabu, akasema ni kwa muda, nasi tukakubali kwa sababu tunampenda. Mpera ulikatwa mwaka jana. Hakuna aliyekusudia kukudhulumu. Tulijaa tu, chumba baada ya chumba, mpaka tukakufikia.

Nilimwita fundi nikamuuliza kama chumba cha mwisho kinaweza kuvunjwa. Akagonga ukuta, akatikisa kichwa. "Shangazi, nikigusa hiki nakishusha na cha jirani yake. Hapa mmeshikana." Na kwenye kona yako ndimo anamolala yule mtoto mchanga niliyekwambia. Nimesikitika, ndugu yangu. Najua miaka yote hiyo ya ugenini ulikuwa ukikiwaza kivuli cha mpera ule.

Umebaki ukuta mmoja usioegemewa na mtu, ule wa chumba changu, wenye dirisha. Ndipo upepo unapoingilia na ndipo ninaposahihishia madaftari. Kijana wa mwisho wa Kaka anaoa Desemba, na juzi alikuja kuuomba, kavaa shati lililopigwa pasi. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu." Aliduwaa, maana neno hilo hajawahi kulisikia nyumbani kwetu. Akaniuliza taratibu, "Sasa Shangazi, mimi niende wapi?" Nikageukia madaftari yangu, nikaendelea kusahihisha.

Ukuta huo nimekuwekea wewe. Njoo uzibe dirisha langu, sitanung'unika. Lakini niandikie upesi, kwa sababu yule kijana ananiamkia kila asubuhi kwa heshima ileile, na ananivunja moyo.

Kaka na shemeji yako wanakusalimu. Fundi anakusalimu. Watoto wote wanakusalimu, ingawa wengi wao hawajui wanamsalimu nani. Mungu akupe afya njema, akurudishe nyumbani kabla sijachoka kusema hapana.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja.