Rangi Mbili za Kuku Gani?

Mama yangu,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Kiriba, na mihogo imepona na mvua hizi? Mimi huku Mtwara ni mzima, joto tu ndilo linanimaliza.

Mama, juzi kwenye simu uliniomba nikununulie vidonge vya rangi mbili, nikutumie kwa basi, ukasema ni vya kuku. Nikasema sawa. Jioni mdogo wangu Majura akanipigia na habari zake za nyavu, katikati akasema kuku wenu wote waliisha kwa ugonjwa wa kideri tangu mwezi uliopita. Hakujua kama anakuumbua. Sasa naomba uniambie, hizo rangi mbili ni za kuku gani?

Nakujua. Ukiwa mzima unaongeaga na simu huku unatembea, mpaka nasikia upepo wa ziwa. Siku hizi nasikia kiti kikilia tu. Na kila nikiulizia ule mguu ulioukata kwa jembe, unaniuliza mimi nitaolewa lini.

Kazi yangu unaijua: nazunguka wodini kuangalia nani anapewa dawa za kuua vijidudu, na kama kweli anazihitaji, halafu tunapima zipi bado zinafanya kazi. Hawanipendi sana. Juzi bibi mmoja alinitazama kuanzia viatuni, akasema, "Huyu katumwa kubania dawa." Mjukuu wake ana mafua tu. Nilimweleza, hakuniamini, na wewe najua ungekaa upande wake.

Lakini wiki hiyohiyo alikuja mvuvi mmoja, umri wa baba mdogo. Alijikata, akawa anafungua rangi mbili na kumwagia unga wake kwenye kidonda, kama tulivyokuwa tunafanyaga nyumbani. Tulimtundikia dawa ya kwanza, ikagoma. Ya pili nayo ikagoma, vijidudu vilishazizoea. Mguu ukakatwa. Nilitoka nje nikalia, maana nilikuwa nakuona wewe.

Sitatuma chochote. Jumatatu Majura akupeleke hospitali Musoma, ukafungue kidonda, uwaambie yote uliyokipaka, hata yale uliyopewa na jirani. Majura usimgombeze. Nisalimie shangazi wa Manyamanyama, mwambie naye namshuku, maana anakusaidiaga kuficha.

Kama nimekosea, nicheke hadi uchoke. Ila unicheke ukiwa umesimama, kwa miguu yote miwili.

Mwanao akupendaye,
Nyangeta