Jina Lako Halitoki Kwenye Jezi

Kaka yangu Zaka,

Kuna mtu alitaka tufute jina lako, nami nikakataa. Nakuandikia hasira ikiwa bado ya moto, maana ikipoa nitaanza kuwaonea watu haya.

Unakumbuka tulivyoianzisha klabu ya baiskeli pale chuoni? Tulikuwa sita, kila mtu na fulana yake: wewe na ile ya kijani iliyopauka, mie na ya kwaya. Ukasema, "Tuma, mdhamini haangalii miguu, anaangalia nguo." Basi tukaandika barua za kuomba udhamini, tukazunguka nazo maofisini tukitokwa jasho. Kila mapokezi tuliambiwa tuziache, tutapigiwa. Ofisi moja mlinzi alitukatalia hata getini. Ukamwambia, "Shikamoo mzee. Barua hii ni ya bosi, lakini ukiisoma wewe sitachukia." Akacheka, akafungua geti. Bosi hakuwepo.

Na zile jezi za kwanza, alizotushonea fundi wa jezi za mpira! Tulipoinama kushika usukani upepo ukaingia kifuani, tukavimba kama maputo, huku migongo ikibaki wazi. Ndipo ulipompata Dada Hawa, mshonaji wa Chang'ombe. Aliiingiza baiskeli yako katikati ya vyerehani, akakupandisha juu yake, akasema, "Inama kama unakimbizwa na mbwa." Akakupima hivyo hivyo ulivyoinama: nyuma ndefu, mbele fupi, mifuko mitatu kiunoni, lastiki kwenye pindo. Ulitoka pale unatamba kama mtu aliyeshashinda. Mdhamini hatukuwa naye, kwa hiyo hakushona kitu.

Halafu ukagongwa. Sitaandika mengi. Ilikuwa mchana kweupe, barabara ya Mbagala, nawe ulikuwa upande wako. Mama, ambaye kwa miaka yote ile ya ualimu hakuwahi kukosa kipindi, alikaa nyumbani hadi mwalimu mkuu alipokuja kumchukua. Baiskeli yako akaifungia stoo. Akaniambia, "Mtoto mmoja amenitosha kuzika." Nikaacha kuendesha. Baadaye nikaanza tena kwa kificho, na kificho kiliponishinda nikamwambia. Aliendelea kuchambua mchele.

Mwaka huu tukampata mdhamini, kampuni moja ya vinywaji. Walituahidi jezi, kofia ngumu kwa kila mwanachama, na gari la kutufuata nyuma tukiwa barabarani. Nikampelekea meneja wao mchoro wa jezi: nembo yao kifuani, na begani, kwa herufi ndogo, ZAKA.

"Huyu ni nani, dada?"

"Mwanzilishi wetu. Kaka yangu. Aligongwa akiwa kwenye baiskeli."

"Pole sana." Alikuwa mtu wa adabu, sitamsingizia. "Ila sie tunauza uchangamfu. Jina la marehemu litawakumbusha watu ajali. Tulitoe hilo tu, mengine yote sawa."

Nikawapelekea wenzangu habari hiyo. Godi, rafiki yako, aliyelibeba jeneza lako, akasimama. "Tuma, kofia zile zitawaokoa walio hai. Zaka mwenyewe angekubali."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Ungekubali, tena ungemshukuru yule meneja na kumpa mkono. Wewe ulikuwa mwepesi wa kusamehe. Mie sivyo. Nikawaambia: mtu anayeona aibu kumtaja aliyekufa barabarani, sie tulio barabarani atatujali kwa lipi? Akigongwa mwingine kesho, naye tutamfuta? Mnataka klabu ambayo jina la mtu linadumu mpaka siku anapoharibu picha?

Tukapiga kura. Upande wangu ulishinda kwa kura moja, na Godi aliniambia baadaye kuwa ilikuwa yake.

Tukaanza upya, mlango kwa mlango. Duka la vipuri Buguruni likakubali. Kinyozi akakubali. Kule Kunduchi, tunakomalizia mazoezi marefu, nikawaomba akina mama wauza samaki. Mmoja akauliza, "Nembo ndiyo nini, mwanangu?" Nilipomweleza akasema, "Basi nichoreeni samaki changu, tena awe mnono." Ndiyo maana jezi yetu ina samaki mgongoni. Wa vyuo vingine wanatucheka. Wacheke.

Gari la kutufuata hatuna. Kofia hazikutosha, kwa hiyo tumeweka sheria: asiye na kofia hapandi baiskeli, tunapokezana. Nami ni wa kwanza kusubiri zamu.

Dada Hawa akatushonea, ZAKA begani, na Jumamosi tukazivaa mara ya kwanza kwenye mashindano ya vyuo. Tulipokaribia pale ulipoangukia, nikapunguza mwendo. Magari yalikuwa yanatuchomekea kulia na kushoto, hakuna anayetujali. Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu tumboni.

Mama. Amesimama katikati ya barabara, kitenge chini, jezi yetu juu, imemkaa sawasawa. Kumbe alikwenda mwenyewe Chang'ombe kupimwa na hakuniambia. Mkono ameuinua mbele ya foleni nzima, na ile sauti yake ya darasani:

"Simameni! Nimesema simameni! Watoto wangu wanapita!"

Wakapiga honi. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani kumtukana. Mama hakusogea hata unyayo.

Magari yakasimama, Zaka. Yote. Tukapita.

Pumzika, kaka. Barabara tunaendelea kuigombania.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Tuma