Barua Kumi na Moja Ndani ya Kompyuta

Pasiansi, Jumamosi, Novemba 1998

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana. Bati bado linadondosha. Ziwa limechafuka, na mimi nimeshinda mbele ya kompyuta bila kuchana nywele. Hakuna wa kunitazama, nichane za nini?

Nina jambo la kukiri. Tangu Pasaka nalizungukazunguka, naandika katika shajara hii habari za mvua, habari za umeme kukatika, habari za kuku wa jirani. Leo nalisema.

Mama alipougua alinifanya karani wake. Kila Ijumaa, akishaoga, ananiita: "Milembe, njoo uandike." Yeye anasema kwa Kisukuma, mimi naandika kwa Kiswahili, humuhumu kwenye kompyuta hii. Kupiga chapa ndiyo kazi niliyoifanya miaka ishirini na mbili katika ofisi ya pamba, mpaka ulipokuja ubinafsishaji wakatupunguza. Kompyuta yenyewe ni mabaki ya ofisi hiyo. Barua zote zilikuwa za mtu mmoja, Maduhu, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Yuko Dar es Salaam, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ijumaa kumi na moja, barua kumi na moja.

Sikutuma hata moja.

Niliandika, nikamsomea mama, nikamwambia kesho zinakwenda posta. Zikabaki humu ndani. Ijumaa inayofuata anauliza, "Amejibu?" Nami najibu, "Kazi zimembana, mama." Maduhu hakujua hata kama mama amelala kitandani, maana nilimwandikia kijikaratasi kimoja tu, kwamba anaumwa kidogo na anaendelea vizuri. Wiki moja kabla ya Pasaka mama akafariki, huku akiamini mwanawe wa mwisho amekosa nafasi ya kumjibu.

Kwa nini nilifanya hivyo? Sababu ni ndogo na ina aibu. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namkorogea uji, namgeuza ubavu usiku na mchana asipate vidonda. Halafu barua kumi na moja kwa Maduhu, na kwangu hata mstari mmoja hakuna! Jina langu limo mara moja tu, katika barua ya nne: "Milembe yupo." Yupo! Kama kinu cha uani. Wivu ulinishika jamani, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikawa kama mtoto aliyenyimwa kipande cha muhogo.

Siku ya matanga Maduhu alinivuta pembeni, macho yamevimba, akaniuliza kama mama alimtaja. Nikamwambia mama alikuwa amechoka sana, hakuwa anaongea.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko barua zenyewe.

Mwezi Juni wakaja mafundi kutufungia simu, ile tuliyoiomba kwa ajili ya mama. Miezi miwili baada ya mazishi! Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka nikaogopa. Simu nzima na sina wa kumpigia. Wenzangu wa ofisini wametawanyika, mmoja yuko Geita anauza dukani, mwingine Magu analima dengu, wengine sijui. Ikakaa pale juu ya kitambaa nilichofuma, naifuta vumbi.

Nikakumbuka maneno ya Maduhu siku zile za msiba, alipokuwa akiwasimulia wajomba kwamba ofisini kwao karatasi zinapita kwenye simu, kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila bahasha. Nikawaza, basi si aje azichukue mwenyewe? Nisizipeleke posta kwa mkono wangu, nisimtazame usoni, nisiseme neno. Nifungue mlango niondoke. Ni woga, najua. Lakini woga nao una akili zake.

Nikapata modemu iliyotumika, kidude cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, na programu yake kwenye disketi tatu. Kitabu cha maelekezo kinasema ukishaifunga hivyo kompyuta yako inakuwa seva. Maana yake, kwa lugha ya mpiga chapa, inakuwa mhudumu wa masjala. Simu ikilia inapokea yenyewe, inamuuliza mpigaji jina na neno la siri, na vikikubalika inamwonyesha orodha ya mafaili achukue anayotaka. Akitaka kuacha lake, anaacha. Akikosea neno mara tatu, inamkatia.

Wiki tatu nilihangaika nayo. Mara inakataa kupokea, mara inapokea na kunyamaza, mara inampokea balozi wa nyumba kumi aliyepiga kuuliza habari za kikao, masikini akapigiwa mluzi wa sikioni mpaka leo ananisalimia kwa mbali. Sikuwa na wa kumuuliza. Nilisoma kile kitabu mpaka jalada likatoka. Siku ilipokubali nilipiga vigelegele, halafu nikasikiliza jinsi nyumba ilivyonyamaza baada ya hapo.

Jumatatu ya wiki hii nikampigia Maduhu ofisini kwake. Nikamwambia kuna mafaili ya mama, apige saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, jina lake ni maduhu, neno la siri ni karibu. Akauliza tena, nikarudia. Nikamwambia asinipigie kwa maongezi, apige kwa mashine tu. Nikakata kabla hajaniuliza mafaili gani.

Tangu hapo, kila ikifika saa kumi naiacha mashine imewashwa, nashika njia. Nashuka hadi ufukweni, natazama akina mama wanaogeuza dagaa kwenye mchanga, natazama malori ya viwanda vya minofu yakisubiri sangara. Hakuna anayenijua pale, na saa mbili nzima zinapita bila mtu kutamka jina langu. Saa kumi na mbili narudi, nafungua ukurasa wa walioingia.

Mweupe. Jumatatu mweupe, Jumanne mweupe, hadi jana.

Nikasema sawa, amekataa. Nikakasirika hata! Mimi mkosaji, na bado nikapata uso wa kumkasirikia.

Leo asubuhi mvua ilipopungua, jirani yangu Mama Odongo akaniita juu ya ua. "Dada Milembe, hiyo simu yako ina nini? Kila jioni inalia, halafu inapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikadhani umefuga jini!"

Kila jioni?

Nikaacha ufagio palepale. Nikakifungua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, na kumbe kuna daftari la pili, la waliokataliwa. Programu inaandika kila neno lililojaribiwa, na saa yake. Nikalifungua.

kalibu. kalibu. kalibu. Hiyo Jumatatu. Jumanne akajaribu KALIBU kwa herufi kubwa.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Hee, Maduhu! Sisi Wasukuma r hatunayo, ni ya kuazima, na mimi ndiye niliyempiga makonzi tangu darasa la kwanza: siyo balua, ni barua, siyo habali, ni habari. Nikasema huyu hata akizeeka hatajifunza. Nikaendelea kusoma huku natikisa kichwa.

Jumatano amejaribu mama. Amejaribu milembe.

Alhamisi, na tena jana, amejaribu nisamehe. Mara tatu kila jioni, mpaka mashine ikamkatia.

Kicheko kikaisha. Alidhani nimemfungia kwa makusudi mpaka aombe radhi. Yeye, aniombe mimi radhi!

Niliinuka nikampigia palepale. Jumamosi wako kazini nusu siku, nikamwahi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Maduhu, umeandika l. Ni karibu, kwa r."

Akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu, "Lakini dada, wewe ndiye uliyesema kalibu. Nilikuuliza mara mbili. Nikafikiri umelitamka kama mama makusudi, ndiyo siri yenyewe."

Ni kweli. Hofu ilikuwa imenikaba Jumatatu ile, na ulimi ukarudi nyumbani kwao. Na yeye, wa watu, kwa mara ya kwanza maishani aliandika kama nilivyomwamuru, herufi kwa herufi, akafungiwa nje siku tano.

Nikamwambia ajaribu tena leo saa kumi, kwa r; akasema atabaki ofisini na wenzake wa zamu. Nikamwambia pia kwamba nitakuwepo.

Sikushuka ufukweni. Saa kumi na dakika tano simu ikalia, modemu ikapiga yowe lake, na kwenye kioo jina likatokea: maduhu. Neno likakubaliwa. Barua ya kwanza ikaanza kutoka, namba zikihesabu polepole, kisha ya pili. Kila moja ina tarehe yake juu. Mpiga chapa hasahau tarehe, na nilijua akifika kwenye ile ya Machi atakuwa ameshaelewa kwamba mama alikuwa akiongea na kumtaja, nami nikamdanganya. Ningeweza kuchomoa waya. Mkono ulikwenda hadi kwenye waya, sitadanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikaukalia ule mkono mpaka ya kumi na moja ikatoka.

Laini ikakatika.

Nikachomoa modemu nikabaki na simu tupu. Dakika arobaini nilikaa hapo. Chai ilipoa, Mama Odongo alibisha hodi akaondoka, sikuinuka. Ikalia. Nikapokea.

Hakuniamkia. Akauliza, "Alikuwa anauliza kama nimejibu?"

"Kila Ijumaa."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na wivu wangu, na ule uongo wa siku ya matanga, sikuacha hata nukta. Nilitaka kulia nikajizuia, maana si zamu yangu ya kulia. Upande wa pili nilimsikia akipumua na taipureta ya mtu ikigonga nyuma yake. Nilingoja akate. Nilitaka akate.

Hakukata. Akasema, "Hizi ulizoandika ni Kiswahili chako cha ofisini. 'Natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya.' Mama hakuongea hivi."

"Hapana. Hakuongea hivi."

"Unakumbuka alivyosema?"

Nakumbuka. Ee Mungu, nakumbuka kila neno. Nakumbuka alipokohoa, alipocheka, alipolala katikati ya sentensi nikamsubiri. Hakuna mwingine duniani anayeyajua maneno hayo.

"Basi niambie ya kwanza," akasema. "Kwa Kisukuma. Kama alivyosema yeye."

Nikamwambia. Ilipokwisha akashukuru kwa upole, kama unavyomshukuru mtu baki, akakata. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Kabla ya kukata alisema kitu kimoja tu: kesho saa kumi, ya pili.