Kanda ya Eppie

Jumanne, 5 Oktoba 2004

Barua kutoka Kanada. Nusura niitupe nikidhani ni matangazo. Kumbe ni Rhona — mtoto wa rafiki yangu Eppie! Mara ya mwisho nilimwona ana miezi sita, amefungwa kwenye shali, baba yake akimpandisha treni wiki mbili baada ya mazishi ya mama yake. Sasa ana miaka thelathini na tisa na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Anafika hapa Dundee Jumapili hii. Wattie, mwenzetu wa siku zile, ndiye aliyemwandikia kwamba zamani kwenye klabu yetu ya nyimbo tulikuwa tukirekodi waimbaji, na kwamba kanda zote ninazo mimi. Anasema hajawahi kuisikia sauti ya mama yake, hata mara moja. Ananiita mama mdogo.

Wattie na mdomo wake. Supu imenishinda.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimelishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Kanda nne. Klabu nzima, miaka mitano ya nyimbo, na kanda nne tu ndizo tulizoweza kuzinunua. Ya tatu imeandikwa EPPIE, Novemba 1964. Mwandiko wangu. Sikuwahi kuibandua ile karatasi.

Eppie hayumo.

Haya, nimeandika. Karibu miaka thelathini na tisa sijamwambia mtu. Desemba 1965 alikuja mgeni kutoka Glasgow, bwana mwenye ndevu, anaimba akipiga banjo, wakati ule anavuma. Kanda zimejaa. Nani afutwe? Mgeni anapita mara moja. Eppie tunaye kila Alhamisi, kiti cha tatu kutoka kwenye moto, na nusu glasi yake ya bia. Tutamrekodi siku yoyote. Ndivyo tulivyofanya siku zote: sauti za wageni tunaziweka, zetu tunaziacha zipite. Nikabonyeza kitufe. Eppie mwenyewe alikuwepo, na alimpigia yule bwana makofi kuliko wote.

Februari akafa kwa kichomi. Vumbi la kiwanda cha magunia lilikuwa limeshamla mapafu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Alhamisi. Mwili bado unajua. Ikifika saa moja jioni najikuta natafuta koti, niende klabuni, ghorofani juu ya baa, ambako siku hizi wanauza mazulia.

Eppie alikuwa akiimba amesimama, amefumba macho, mikono ameishikanisha mbele ya tumbo. Alijua nyimbo nyingi, lakini mmoja ulikuwa wake: mchunga kondoo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi na kukuta mlango wake umepakwa rangi nyingine. Beti saba. Alipewa na bibi yake, mashambani, wakichuma matunda. Na kwetu wimbo ulikuwa na mwenyewe, mwingine haugusi. Kuna mwalimu mmoja aliujaribu siku Eppie yuko kazini. Wattie, aliyekuwa akiendesha klabu, alimwambia taratibu, "Bwana mkubwa, hebu vua koti la mwenzio." Akakaa chini, masikio mekundu.

Eppie alipokufa, Wattie aliendelea kumwita zamu yake ikifika. Anagonga meza mara tatu: "Kimya, jamani. Eppie." Nasi tunakaa kimya muda wa beti saba. Hakuna anayegusa glasi. Ikawa hivyo mpaka klabu ikavunjika.

Mimi naujua wote. Kiwandani mashine zetu zilitazamana, na kwa kelele zile kila mfumaji alisoma midomo. Aliuimba kutwa. Maneno nikayapata kwa macho, lahani nikaipata Alhamisi. Sijawahi kuuimba. Hata nikiwa peke yangu bafuni.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimempigia Wattie nimweleze ukweli. Hakunipa nafasi. Rekoda ya klabu ameitengeneza, magurudumu yanazunguka vizuri, ataileta kwa teksi. Nikamwambia kanda zimezeeka, huenda zimeharibika.

"Wewe ziweke mezani tu, bibie," akasema. "Tutajua mbele."

Nilifikiria kuitupa ile ya tatu mtoni, niseme ilipotea. Nilifika mpaka mlangoni, koti mwilini, kanda mfukoni. Nikarudi. Nina miaka sabini na mbili na bado mwoga.

Jumapili, 10 Oktoba

Rhona na Wattie wako sebuleni. Naandika jikoni, birika liko motoni.

Nilipanga kumwambia palepale mlangoni. Kisha nikaiona mikono yake. Ameishikanisha mbele ya tumbo, vilevile! Nikasema, "Karibu, mwanangu, viatu acha tu." Basi. Akanikumbatia muda mrefu. Ameniletea chupa ya asali ya kwao, ile inayogemwa kwenye miti. Hakulala kabisa kwenye ndege, anasema, alikuwa akijaribu kukisia sauti ya mama yake ni nzito au nyembamba.

Nyembamba. Nyembamba na kavu kidogo. Sikumwambia hata hilo.

Wattie akaiweka kanda ya tatu kwenye rekoda. Banjo. Yule bwana na vichekesho vyake, na sisi tunacheka, vijana. Rhona alikuwa ameinama mbele, anatabasamu. "Mama anafuata baada ya huyu?"

Nikasema naenda kuchemsha maji.

Wattie amenifuata na fimbo yake, akafunga mlango. "Najua, Netta. Nilijua siku ileile. Mimi ndiye niliyesema Eppie tunaye kila wiki. Wewe ulibonyeza tu."

"Sasa kwa nini ukamwandikia? Umemtoa mtoto wa watu Kanada aje kusikiliza banjo?"

"Sauti yangu imekwisha. Wimbo wote unao wewe; tulipokaa kimya niliiona midomo yako. Nawe ungekufa nao."

"Wimbo si wangu, Wattie."

"Si wako. Mwenyewe ni yule pale, na hana hata ubeti mmoja."

Akarudi sebuleni. Nalia kama mjinga juu ya sahani ya biskuti. Namkumbuka Eppie, ndiyo hivyo. Nimemkumbuka kila Alhamisi, na nilimfuta kwa kidole hiki.

Banjo imenyamaza. Kanda imefika mwisho, mkia wake unapigapiga, hakuna anayeizima. Sasa imezimwa.

Wattie amegonga meza. Mara tatu.

"Kimya, jamani. Eppie."

Nimesimama, kalamu mkononi. Ubeti wa kwanza umenijia, midomo tu, bila sauti, kama kiwandani.

Rhona anamuuliza tunamsubiri nani. Naiweka kalamu, naenda —