Pamba Isilale Chumbani

Limi mwanangu,

Mluzi mwembamba wa kifua changu nilipokuwa na umri wako bado naukumbuka. Nakusalimu kwa Kisukuma chetu: mwadila. Hapa Sapiwi tu wazima, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeuliza kama mwenye pumu anaweza kuja nyumbani msimu wa pamba.

Zamani tulilundika pamba chumbani tukisubiri mnunuzi, na sisi watoto tulilala juu yake. Nilipokosa pumzi, babu yako alidhani ni baridi, akanifunika pamba zaidi. Kule zahanati muuguzi akamwambia, "Mzee, vumbi la hiyo pamba ndilo linalomziba." Siku hiyohiyo babu yako akawatoa mbuzi bandani, akahamishia pamba yote humo. Jirani akamcheka: "Na mbuzi je, utawalaza kitandani kwako? Pamba ikiibiwa usilie!"

"Pamba nitapanda nyingine," babu yako akajibu. "Huyu nitampanda wapi?"

Pumu haikuniacha, ila kwa dawa ya kuvuta kila siku nimesoma hadi chuo. Najivunia mzee yule kuliko cheti changu.

Njoo na dawa yako. Nimeshajenga ghala nyuma ya nyumba, na juzi pamba yote ya mwaka huu imeingia humo.

Shangazi yako,
Kabula