Aliyejibu Litania

Ijumaa, 1 Oktoba 1937

Nimegonga kipande cha reli, ndiyo kengele yetu, saa kumi kasoro robo alasiri. Hakuja mtu. Nimesali rozari peke yangu, nikaitikia mwenyewe. Chai bila sukari. Kisima kimeanza kuwa na chumvi.

Wafua nazi kutoka bara wameondoka wote, shamba limefungwa. Ndio waliokuwa waumini wangu, kumi na mmoja. Padre wa Bagamoyo ameniagiza nibaki nilinde kigango. Nilinde nini? Kikanisa cha udongo, paa la makuti, mabenchi sita. Wenyeji ni Waislamu tangu mababu, watu wa adabu. Wananisalimu vizuri, wananiletea samaki. Kanisani hawana haja nami. Na mimi Mluguru wa milimani, joto la huku linaniozesha.

Miaka kumi na tisa ya ukatekista. Sina furaha. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwandikia Padre.

Jumatatu, 4 Oktoba

Leo nimejibiwa.

Nilikuwa nimeanza litania ya Bikira Maria. Nilipotaja jina la kwanza, mtu akaitikia kutoka nje, nyuma ya ukuta wa altare, upande wa mikoko. "Ora pro nobis." Utuombee, kwa Kilatini. Sauti kavu, ya chini, haina haraka. Nikanyamaza. Nayo ikanyamaza. Nikataja jina la pili. Ikaitikia.

Nilimaliza mbiombio, nikatoka, nikazunguka ukuta. Hakuna mtu. Mchanga umefagiwa safi, hata alama ya mguu wa kaa haipo. Kutoka hapa mpaka Mlingotini hakuna ajuaye Kilatini ila mimi, na mimi mwenyewe nakibahatisha.

Jumatano, 6 Oktoba

Jana tena. Leo tena. Jua linawaka, mchana kweupe, na mwili unanisisimka. Kuku wangu walikuwa wakishinda nyuma ya ukuta ule. Sasa wamehamia jikoni.

Kila nikitoka, mchanga umefagiwa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Hofu imenipotezea kumbukumbu. Nilifika "Kikao cha hekima", nikakwama. Litania ninayoijua tangu utoto! Nikasimama midomo wazi.

Sauti ikanikumbusha. "Causa nostrae laetitiae." Sababu ya furaha yetu. Kisha ikangoja nilitaje mimi, niendelee, kama mwalimu anayemngoja mtoto mzito.

Kitu hicho kinajua ninapokwama. Kwa nini pale?

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimefanya linalopasa. Chuoni tulifundishwa kwamba shetani huiga sala, na Kilatini anakijua kuliko katekista. Nilichukua maji ya baraka. Sauti ilipoitikia tu, nikauendea ukuta, nikaunyunyizia, nikapaza sauti: "Kwa jina la Yesu, ondoka! Huna fungu katika nyumba hii! Usirudi tena!"

Nikasikia kitu kikijikokota mchangani, polepole, kikienda zake. Mkokoto, kituo. Mkokoto, kituo. Sikuchungulia.

Nimemshinda. Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 12 Oktoba

Siku tatu hakuna sauti. Mchanga wa nyuma umejaa nyayo za kaa na kinyesi cha kuku. Ningepaswa kushukuru.

Naitikia mwenyewe tena. Kanisa limekuwa kama nyumba iliyohamwa. Nikisema kweli, na hapa nasema kweli, naikumbuka ile sauti. Nani anayemkumbuka shetani? Labda nina homa.

Jumatano, 13 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Asubuhi alipiga hodi Bwana Omari, fundi seremala, yule aliyenitengenezea mlango wa kanisa. Mtu mpole. Leo hakutaka kuketi. Akasema mama yake, Bi Mwanakheri, hali chakula tangu Jumamosi. Amegeukia ukuta. Ameulizwa siku nne, na jana usiku ndipo amesema: "Mwalimu amenifukuza." "Mama yangu ni kikongwe, mguu mmoja umekufa," akasema. "Umemwambia nini, Mwalimu?"

Mguu mmoja umekufa. Nilishika mwimo wa mlango.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alijua kwamba mama yake alikuwa katika watoto wa utumwa walionunuliwa na mapadre zamani, wakalelewa misheni Bagamoyo. Hakujua kwamba kila alasiri, akiaga anakwenda kuokota kuni, alikuwa anakuja kwangu. Mchanga alikuwa akiufagia mwenyewe kwa kuti na kujificha mikokoni, ili mwanawe asizione nyayo zake.

Nimemfukuza mtu katika sala kwa jina la Yesu. Katika miaka yote hii, ndiyo ibada moja niliyoitenda kwa nguvu zangu zote.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Bwana Omari. Hakunikaribisha ndani, na ana haki. Ramadhani inakaribia, watu wana macho, na mimi ni mtu wa msalaba kifuani. Amenipa jamvi barazani. "Kaa hapo, Mwalimu. Yeye yumo chumba hiki. Ukuta ni mwembamba."

Nikasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Hakuna marahaba. Nikaomba radhi. Hakuna neno. Nikaanza litania kwa sauti ndogo, na baada ya kila jina nikaacha nafasi. Nafasi zote zilibaki tupu. Wapita njia walisimama, wakatazama, wakaenda.

Hajala. Akifa hivi, atakufa akiamini Mungu amemfungia mlango, na aliyeufunga ni mimi.

Jumapili, 17 Oktoba

Jana kimya. Leo kimya. Ila nasikia pumzi upande wa pili, karibu sana, kama ameegemeza paji la uso palepale nilipoegemeza mgongo. Nikitaja jina pumzi inakatika. Nikiendelea inarudi. Sijapata kuogopa kitu kama ninavyoiogopa pumzi hiyo, kwamba nitaenda siku moja nisiisikie.

Jumatano, 20 Oktoba

Amesema. Hakuitikia, amesema.

"Tuliambiwa na masista nyumba ya Mungu haimfukuzi mtu. Nikaolewa na baba Omari, nikaondoka kwa miguu yangu, hakuna aliyenifukuza. Nimekaa miaka hamsini. Nikarudi kusikiliza tu, nje, juani. Ukanifukuza wewe."

Nilipiga magoti pale barazani, mchana, mbele ya waliokuwapo. Sikujali. Nikalia kama mtoto. Kisha: "Inuka, Mwalimu. Unamtia Omari haya."

Jioni amekunywa uji. Omari mwenyewe amekuja kuniambia, akageuka kabla sijamshukuru.

Alhamisi, 21 Oktoba

Leo ameitikia. Majina yote. "Ora pro nobis", kwa sauti ileile kavu, kupitia ukuta, ila safari hii aliye nje ni mimi.

Nilimuuliza kama anataka nimwite Padre. Hataki. "Nimefunga Ramadhani hamsini na nitazikwa na mume wangu. Sitaki kuhama. Nataka kujibu tu. Nilifundishwa kujibu nikiwa sijui hata kucheka."

Padre atasema nini? Sijui. Mimi ni katekista, si kadhi.

Nina furaha. Naandika neno hili kwa uangalifu, lisije likakimbia. Nimesoma sala kwa watu miaka kumi na tisa nikidhani kazi yangu ni kusema. Kazi yangu ni kuacha nafasi mtu ajibu.

Alhamisi, 28 Oktoba

Asubuhi Omari ameniomba nisiende leo, mama yake amelala tangu jana na nyumba imejaa wanawake wa ukoo waliokuja kumwona mgonjwa. Basi nimesali kanisani.

Nilipotaja jina la kwanza, akaitikia kutoka nyuma ya ukuta wa altare. Wazi kabisa. Nikafurahi, nikadhani amepata nguvu, amewatoroka wageni. Aliitikia majina yote. Sikutoka kumtazama, nisimwaibishe.

Nilipokuwa nafunga mlango Omari akatokea njiani, kanzu nyeupe, macho mekundu. Mama amefariki adhuhuri. Ameshaoshwa, wanakwenda kuzika.

Adhuhuri. Mimi nilianza kusali saa kumi.

Sikumwambia. Nilifuata jeneza nikiwa nyuma ya wote. Wanaume walikuwa wakipokezana mabegani, na Omari akanigeukia, akanionyesha mkono wa jeneza kwa kidevu. Nikalibeba hatua chache. Lilikuwa jepesi mno.

Jioni nimezunguka nyuma ya ukuta. Mchanga umefagiwa. Naandika tu, sisemi neno.

Jumapili, 31 Oktoba

Mawingu. Bahari imetulia.

Omari alikuja alasiri, akabaki mlangoni, viatu mkononi. Akauliza yale majina mengi ninayoyataja ni ya nini. Nikamwambia: mengi ni ya Mama wa Yesu, na katika litania nyingine tunawataja watakatifu, watu waliokufa, ili watuombee. Akafikiri. Akauliza kama la mama yake lingefaa kutajwa, mara moja tu. Nikamuuliza lipi, la misheni au la hapa.

Akasema hayo yote mawili mama yake alipewa na watu. Usiku wa mwisho Bi Mwanakheri alimtajia lile aliloitwa na mama yake mzazi, kabla ya kuchukuliwa utumwani. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Akaniinamia, akaninong'oneza.

Akarudi kwao. Nimeisoma litania polepole, na mwishoni, bila kumwomba mtu ruhusa, nikasema, "Nyamizi." Nikaacha nafasi ndefu. Kisha nikafunga kitabu, nikaketi pale benchini kwa furaha mpaka jua likazama.